Juu ya nini «28 Years Later» iligawanya wapenzi wa filme za zombi?



Mu mwezi wa 6 wa mwaka wa 2025, filme moja ya kuogopesha ilitoka mu sinema za Uingereza, Marekani na inchi zingine mingi. Jina lake ni «28 Years Later». Wale wenye wanaangaliaka mu Kifaransa wanaijua kama «28 ans plus tard». Watu walikuwa wameingojea miaka mingi. Ilipotoka, kukatokea jambo lenye linastahili kuelezwa: wachambuzi wa sinema, karibu 9 juu ya 10, waliisifu, lakini kati ya watazamaji wa kawaida wenye walitoa maoni yao ku Rotten Tomatoes, wenye walifurahi walikuwa karibu 6 tu juu ya 10. Mu Marekani kuna kampuni inaitwa CinemaScore, kazi yake ni kuuliza watu alama wakiwa wanatoka mu sale. Watu waliipa filme B. Sisi wenye tulipita ku masomo tunajua: B si kuanguka, lakini haiko alama yenye mutu anapigia mama simu usiku.

Mu sale moja, mutu mumoja analia, jirani yake anacheka, wa tatu anauliza kama wanaweza kumurudishia feza zake. Namna gani filme moja inaweza kufanya ile?

Wengi walijibu haraka: wachambuzi wanajifanya watu wa akili, watu wa kawaida wanataka tu damu. Mimi sikubali. Ukisikiliza muzuri malalamiko yao, utaona kama wapenzi hawakubishana juu ya ubora wa filme tu. Walikuwa wanabishana juu ya kazi ya zombi: anakuja mu hadisi kufanya nini? Nitajaribu kupanga mambo moja kwa moja. Kwa wale wenye hawajaiangalia, mujue kama nitasema mpaka mwisho wake.

Mwanzo: kamera ndogo na muji mutupu

Mu mwaka wa 2002, Danny Boyle, mwongozaji wa filme wa Uingereza, pamoja na mwandishi Alex Garland, walitoa «28 Days Later». Hadisi yake ni nyepesi. Watu wenye wanatetea wanyama wanaingia usiku mu laboratuari, wanafungulia sokwe wenye walipewa virusi vya kasirani. Siku 28 kisha, kijana Jim anaamuka mu hospitali moja ya London. Hakuna mutu. Anatoka inje, anapita ku madaraja, anaita, hakuna mwenye anamujibu. Mwenye alicheza Jim ni Cillian Murphy, yule mwenye kisha alipata Oscar mu 2024 juu ya «Oppenheimer».

Ile filme iligarimu karibu dola milioni 8, na ikaingiza zaidi ya milioni 80. Sehemu kubwa waliipiga na kamera ndogo za video, Canon XL1. Picha zake ni za mavumbi-mavumbi, sawa video ya ndoa ya wakati ule. Lakini njo zilifanya watu waogope, juu zilionekana kama habari ya kweli ya televizyo. London tupu waliipiga asubui sana, wakati wa kiangazi cha 2001, wakisimamisha motokari kwa dakika kidogo tu.

Jambo la pili lenye lilishika watu ni mbio. Tangu George Romero alitoa «Night of the Living Dead» mu 1968, zombi alikuwa mufu mwenye anatembea polepole. Unaweza kumukimbia, unaweza hata kufikiri mbele akufikie. Wale wa Boyle wanakimbia sawa imbwa yenye ugonjwa. Na hawakufa: ni watu wazima wenye wana ugonjwa. Kutoka kuambukizwa mpaka kugeuka ni sekunde kidogo tu. Mu ile filme, baba moja anayeitwa Frank anaangukiwa na tone moja la damu mu jicho. Anabakia na wakati wa kuambia binti yake kama anamupenda, na wa kumufukuza asimukaribie. Ni ile tu.

Mu 2007 kukatoka «28 Weeks Later», yenye iliongozwa na Juan Carlos Fresnadillo wa Hispania. Ilimalizikia Paris, wagonjwa wakikimbia kuelekea munara wa Eiffel. Kisha, kimya cha miaka 18. Fikiria: mutu mwenye alikuwa na miaka 15 mu 2002, sasa iko baba ya watoto. Mu kichwa chake, ile filme ya tatu alikuwa ameshaitengeneza mara mingi, kwa namna yake.

Video ya kutangaza iliahidi nini

Mu mwezi wa 12 wa 2024 kukatoka video fupi ya kutangaza filme. Watu wengi wanasema ni moja kati ya zenye nguvu zaidi mu miaka hii. Sauti ya mwanaume, ya sahani ya zamani ya 1915, inasoma shairi la Rudyard Kipling juu ya askari wenye wanatembea bila kupumuzika. Sauti inapanda, inapanda, mpaka inakuwa sawa ya mutu mwenye akili inamutoka. Chini yake, picha: mishale, mafuvu, watu wakikimbia mu nyasi.

Tena mu ile video kulikuwa mugonjwa moja mwembamba sana, anainuka kati ya maua. Watu wakapiga kelele: ni Cillian Murphy! Jim amekuwa zombi! Haikuwa yeye. Mu ile filme Murphy alikuwa kati ya watayarishaji, lakini hakuonekana hata kidogo. Kumbe tayari, mbele filme itoke, maelfu ya watu walikuwa wamenunua hadisi yenye haikuwa ndani.

Sasa, ndani kulikuwa nini?

Uingereza imefungwa. Mataifa mengine yanaizunguka na mashua za kivita, hakuna mwenye anatoka. Ku kisiwa kidogo cha Lindisfarne, upande wa kaskazini-mashariki, watu kidogo wanaishi sawa zamani: wanalima, wanachunga, wanafundisha watoto kutupa mishale. Kile kisiwa kiko kweli, na barabara yake iko kweli: maji ya bahari yanaifunika mara mbili kwa siku, kisha yanaiachilia. Mutoto Spike, wa miaka 12, anapelekwa na baba yake Jamie ku inchi kavu, aue mugonjwa wake wa kwanza. Hapa filme inatoa yote yenye iliahidi: mbio, mishale, usiku, maji yakipanda nyuma yao. Watu mu viti hawapumue.

Lakini wanaporudia nyumbani, baba anaanza kudanganya mbele ya watu, anamupandisha mwana wake kuwa shujaa mwenye hakuwa. Mutoto anaona. Na mama yake Isla iko mugonjwa mu kitanda, anapotewa na akili, hakuna munganga hata moja ku kisiwa. Spike anasikia kama ku inchi kavu kunaishi dokta moja, Kelson, mwenye watu wanasema ni mwenda wazimu. Anamuiba mama yake, anamupeleka. Tangu pale filme inageuka. Inakuwa safari ya mutoto na mama yake. Dokta anamupima kwa mikono tu, anamuambia ukweli: ni kansa, imeshaenea. Mama anachagua kufa kwa utulivu. Mutoto anashika fuvu la mama yake na kuliweka juu kabisa ya munara wa mafuvu wenye dokta alijenga, liangalie jua likitoka.

Wamoja mu sale walilia. Wengine walisema: nililipa niogope, wakanipa maombolezo. Siwacheke. Ukienda ku malewa kununua sombe, wakuletee samaki, hata kama yule samaki ni mutamu sana, una haki ya kuuliza. Video ya kutangaza iliuza nusu ya kwanza ya filme, ikaficha nusu ya pili. Wachambuzi wanaangaliaka filme tatu ao ine kwa juma moja; kwao, kushangazwa ni zawadi. Mutu mwenye anaenda ku sinema mara mbili kwa mwaka, amelipa nafasi, amelipa usafiri, anataka kile alichoagiza. Ile tofauti peke yake inaeleza sehemu kubwa ya zile alama.

«Wamevunja sheria»

Kuna kundi la pili la malalamiko, na hapa ninaomba ruhusa ya kuingia na kofia yangu ya agronome.

Wapenzi wa zombi wanapenda sheria. Mu filme ya 2002, wagonjwa hawakuli. Kisha wiki kidogo wanaanza kufa njaa. Sasa, namna gani miaka 28 kisha bado wako? Filme inajibu: wamebadilika. Kuna wanene wenye wanatambaa chini wakila minyoo. Kuna wenye wanawinda wanyama mu makundi. Kuna wakubwa, wanaitwa Alfa, wenye nguvu sana. Na kuna mwanamuke mugonjwa mwenye anazaa mu gari la moshi lenye liliachwa, na mutoto anatoka bila ugonjwa. Dokta anaeleza ile kwa neno moja tu: kondo la nyuma lilimulinda. Hapa wengi walikataa kabisa. Wengine walikasirikia pia Paris: mwisho wa 2007 virusi vilikuwa vimefika Ulaya, lakini filme mupya inaandika tu ku mwanzo kama virusi vilifukuzwa kutoka Ulaya, basi, inaendelea.

Juu ya Paris ninawapa haki. Kufuta mwisho wa filme kwa mustari mumoja ni uvivu, ao ni heshima kidogo kwa wenye waliingoja.

Lakini juu ya kubadilika kwa wagonjwa, hapana. Ile njo jambo lenye akili zaidi mu filme. Mu biolojia, ugonjwa wenye unaua haraka sana unajifungia mulango mwenyewe: unamaliza wenye kuubeba mbele ufike ku wengine. Kuna mufano wa kweli. Mu mwaka wa 1950, mu Australia, sungura walikuwa wanamaliza malisho ya kondoo, na serikali ikaleta kirusi cha miksomatosi kiwaue. Mu mwanzo kiliua sungura zaidi ya 99 juu ya 100. Lakini mu miaka kidogo tu, virusi vyenye vilikuwa vinaenea zaidi vilikuwa vile vya kuua polepole, juu sungura mwenye anaishi siku mingi anaambukiza wengine wengi. Sungura nao, wale wenye walipona walizaa watoto wagumu kuliko wao. Kirusi na sungura wakazoeana. Hakuna mwenye aliwapatanisha. Ni hesabu tu ya nani anabakia.

Sasa weka ile mu Uingereza ya Boyle. Wagonjwa wenye hawakujua kula walikufa mu 2002. Wenye walibakia ni wale wenye, kwa bahati, waliokota kitu chini na kukiweka mu kinywa. Miaka 28 kisha, unaona wazao na wazee wa wale. Filme inaonyesha mpaka udongo: mashamba yenye hakuna mwenye alilima yamefungwa na vichaka, paa wa pori wanatembea kwa mamia. Kuna muti moja mukubwa mu bonde karibu na ukuta wa Hadriano, watu wengi wa Uingereza waliulilia: Sycamore Gap. Mu dunia yetu, watu wawili waliukata usiku mu mwezi wa 9 wa 2023, na mahakama iliwatia hatiani mu 2025. Mu filme uko umesimama, Boyle aliurudisha kwa kompyuta, juu mu ile dunia hakukubakia mutu wa kuukata. Wenye hawajui habari ya ule muti waliona muti tu.

Jambo lingine lenye liliudhi watu: wagonjwa wako uchi kabisa. Boyle alieleza: kisha miaka 28, nguo zimeoza. Tena alisema kama vile vyenye vinaonekana ni viungo vya bandia, juu mutoto mwenye anacheza Spike alikuwa mudogo na sheria inalinda watoto ku kazi. Maelezo ni ya kweli, lakini ninawaonya: hii haiko filme ya kuweka mu sebule siku bamukwe walikuja kusalimia.

Na mwisho, picha yenyewe. Boyle na mupiga picha wake wa zamani, Anthony Dod Mantle, walitumia simu za iPhone 15 Pro Max kwa sehemu kubwa, mara zingine simu 20 zikiwa zimefungwa pamoja ku chuma moja, ili mushale unapoingia picha isimame na kuzunguka. Katikati ya mbio wanachomeka vipande vya filme za zamani za wapiga mishale wa Uingereza. Kwa wachambuzi, ile ni uhuru. Kwa wengine, ni sawa mutu anashika remote na kubadilisha chaîne katikati ya filme yako.

Dakika tano za mwisho

Kama kuna kitu chenye kiligawanya watu kuliko vyote, ni dakika tano za mwisho. Kisha kifo cha mama, kisha kilio chote, Spike iko peke yake mu barabara, wagonjwa wanamuzunguka. Gafula kundi la vijana linatokea. Wote wamevaa nguo za michezo za rangi-rangi, nywele ndefu za manjano, vito ku shingo. Wanaruka hewani, wanapiga wagonjwa sawa mu filme za kina Bruce Lee, wanacheka. Kiongozi wao anajiita Jimmy. Muziki unalia. Filme inaisha.

Watazamaji wengi wa Marekani walibakia kinywa wazi: hii ni nini? Ni mucheko? Filme ya watoto? Wamoja walisema iliharibu yote yenye ilikuja mbele yake.

Watazamaji wa Uingereza nao walinyamaza, lakini juu ya sababu ingine. Zile nywele na zile nguo waliwatambua mara moja: ni Jimmy Savile. Huyu alikuwa mutu mukubwa wa televizyo ya BBC kwa miaka mingi, mwenye watoto walimuandikia barua atimize ndoto zao, mwenye alikusanyia hospitali feza. Alikufa mu 2011. Mu 2012 ukweli ukatoka: alikuwa ametumikisha watoto na wagonjwa kimapenzi kwa makumi ya miaka, wenye kumushitaki wakafika mamia.

Hesabu sasa. Mu filme, inchi ilisimama mu 2002. Habari ya Savile ilitoka mu 2012. Ni kusema, mu ile dunia hakuna mwenye alijua. Mutoto mwenye alipoteza wazazi wake siku ya kwanza, akikaa mbele ya televizyo, alikulia na picha moja ya mutu mwenye wote walisema ni muzuri kwa watoto. Akajenga dini juu yake. Mutu mwenye anajua, anaona Spike anaokolewa na hatari kubwa kuliko wagonjwa wenyewe. Mutu mwenye hajui, anaona karate.

Sisi huku, wengi hatukumujua Savile. Hatuna kosa. Lakini ile inatufundisha kitu juu ya alama za watazamaji: mara mingi mutu hapimi filme, anapima kile chenye alikuja nacho mu kichwa. Tena nitasema wazi kama Boyle na Garland walichukua hatari yenye hawakulazimika kuchukua. Walitengeneza mwisho wenye inchi moja tu inausoma bila maelezo, wakaupeleka dunia muzima.

Zombi alitoka wapi

Kuna kitu chenye wabishi wa Ulaya na Marekani hawakusema sana, na kwetu kinapaswa kusemwa.

Neno zombi lilisafiri. Wachunguzi wengi wa luga wanalirudisha ku luga za Afrika ya kati, Kikongo na Kimbundu: wamoja wanataja «nzambi», wengine «nzumbi» ao «mvumbi», maneno ya roho na ya maiti. Lilivuka bahari mu matumbo ya mashua za watumwa, likafika Saint-Domingue, yenye leo ni Haiti, mahali watu wengi wa Kongo waliuzwa kulima miwa. Pale zombi hakukula mutu. Zombi alikuwa mufu mwenye aliamushwa ili atumike mu shamba la mwengine, bila mapenzi yake, bila mushahara, bila mwisho. Kwa mutumwa, kifo kilikuwa pumuziko la pekee. Woga mukubwa zaidi ulikuwa wa kunyanganywa hata lile.

Mu 1929 Mumarekani William Seabrook aliandika kitabu juu ya Haiti, na mu 1932 Hollywood ikatoa «White Zombie», mahali unaona wafu wakizungusha mashini ya sukari. Romero, mu 1968, njo alitoa zombi mu shamba na kumupa meno. Toka pale watu walisahau swali la kwanza. Swali la kwanza halikuwa «namna gani nitamukimbia?» Lilikuwa «nani atanipa pumuziko?»

Ndiyo maana Dokta Kelson, mwenye anachezwa na Ralph Fiennes, ni mutu wa maana mu hii filme. Wote ku kisiwa wanamuogopa juu anachoma maiti na kupanga mifupa. Kumbe anafanya kazi yenye hakuna mwengine anafanya: kila mufu, mugonjwa ao mwenye hakuwa mugonjwa, anamusafisha fuvu na kumupa nafasi. Kwake, hata yule mwenye alikufa akiuma watu alikuwa mutu wa mama fulani. Anafundisha mutoto maneno mawili ya Kilatini: kumbuka kama utakufa, kumbuka kupenda.

Wandugu wa Nord-Kivu na Ituri, munajua nini nataka kusema. Kutoka mwezi wa 8 wa 2018 mpaka mwezi wa 6 wa 2020, Ebola ilichukua kwetu watu 2287. Maiti walizikwa na watu wenye walivaa sawa wanaenda ku mwezi. Mama hakuosha mwana wake. Kwa sababu ya afya ilikuwa lazima, hakuna mwenye aliyesoma atabisha. Lakini wengi wetu tulikuwa pale, tunajua kama sehemu kubwa ya kasirani ya watu ilitoka pale: waliona ndugu yao anageuzwa hatari mbele ageuzwe maiti. Ilipofika wakati wa kuacha familia zisimame karibu, zione uso, ziombe, zichague nguo, ule moto ulipunguka. Hakuna filme ilitufundisha ile. Lakini mutu mwenye alipita mule hatasema kama nusu ya pili ya «28 Years Later» ni ya kusinzia.

Kisha ilikuwa nini

Ku upande wa feza, filme haikuanguka: iligarimu karibu dola milioni 60, ikaingiza karibu milioni 150 mu dunia. Ya kufuata, «The Bone Temple», ilikuwa imeshapigwa mbele, na Nia DaCosta njo aliiongoza. Ilitoka mu mwezi wa kwanza wa 2026. Wenye waliiangalia waliisifu zaidi kuliko ya kwanza. Lakini wenye walikwenda kuiangalia walikuwa wachache kuliko ya kwanza. Haiko rahisi kujua sababu yote, lakini inawezekana kama wenye walitoka na kasirani mu 2025 hawakurudia kuona kama mambo yamenyooka. Ile njo bei ya kuficha nusu ya filme mu video ya kutangaza: unajaza sale mara moja.

Basi, kama una ile filme mu flash yako na haujaifungua, nakupa mashauri ine. Angalia kwanza ile ya 2002, si lazima ile ya 2007. Usingoje Cillian Murphy. Ukiona nywele za manjano ku mwisho, kumbuka jina Savile na mwaka 2012. Na mbele ya kuanza, jiulize ni nini umekuja kutafuta. Kama ni mbio na woga, saa ya kwanza itakutosha, na hakuna mwenye atakuhukumu ukizima. Kama uko na mutu wako mwenye ulizika bila kumugusa, vumilia mpaka mutoto anapanda ku munara na fuvu la mama yake mu mikono, akitafuta upande wenye jua litatokea.